Kitanzi na Kalamu: Historia ya Adhabu ya Kifo Tanganyika na Kenya

Mjadala kuhusu adhabu ya kifo katika Afrika Mashariki huendeshwa mara nyingi kana kwamba swali lake ni moja tu, yaani iwapo muuaji anastahili naye kuuawa, na kila upande hutafuta hoja zake katika dini, katika hofu ya uhalifu na katika uchungu wa familia zilizofiwa. Anayefuatilia historia ya adhabu hiyo hukutana na swali jingine, ambalo limeamua hatima ya watu wengi zaidi kuliko lile la kwanza, nalo ni swali la nani mwenye kuamua. Sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iligawa uamuzi huo kwa namna isiyo ya kawaida, kwa kuwa ilimnyima jaji hiari yote mara tu hatia ya kuua kwa kukusudia ilipothibitika, kisha ikampa mtawala hiari isiyo na mipaka ya kutia saini hati ya kunyonga, kusamehe, au kuliacha jalada likae. Mengi yaliyotokea Tanganyika na Kenya tangu wakati huo, pamoja na kesi kubwa za miaka ya karibuni, yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kutokea hapo.

Kabla ya ukoloni hapakuwa na desturi moja. Katika miji ya pwani makadhi waliongozwa na sheria ya Kiislamu, ambamo mauaji ya kukusudia huwapa ndugu wa marehemu haki ya kisasi, maana yake haki ya kudai kwamba muuaji naye auawe, lakini ndugu haohao wanaruhusiwa kupokea dia, ambayo ni fidia ya damu inayolipwa kwa mali, au kusamehe pasipo malipo yoyote. Miongoni mwa Wakikuyu, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya watu wake, damu ya mwanamume ililipiwa mbuzi au kondoo 100 na ya mwanamke 30, na shauri lilihesabiwa kuwa ni la koo mbili, si la mtu mmoja na dola. Adhabu ya kuuawa ilibakizwa kwa wale walioonekana kuwa hatari kwa jamii nzima, hasa waliotuhumiwa uchawi na wezi wasiorekebishika, na Wakamba waliitekeleza kwa utaratibu ulioitwa king'ole, ambamo watu wengi walishiriki kwa pamoja na ndugu wa karibu wa mtuhumiwa walitakiwa kuridhia kwanza, ili baadaye pasiwe na madai ya damu. Isidhaniwe kwamba zama hizo zilikuwa za upole. Katika falme zenye nguvu mtawala aliua kwa amri yake mwenyewe, na mauaji ya Namugongo katika Buganda, tarehe 3 Juni 1886, yanatosha kuthibitisha hilo. Hata hivyo, mahali pengi nje ya falme hizo waliofiwa walikuwa na sauti katika hukumu, na sauti hiyo ndiyo iliyozimwa kwanza sheria ya dola ilipoingia.

Utawala wa Wajerumani ulileta kitanzi kama chombo cha siasa, na ulikitumia hadharani ili kionwe. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza upinzani wa watu wa Mrima, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889 kwa amri ya Hermann von Wissmann, na mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kilwa Kivinje, ambako kumbukumbu ya mwembe uliotumika kunyongea imebaki katika jina la mahali penyewe, Mwembe Kinyonga. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake wengi. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku za mwanzo kabisa za vita vya Maji Maji, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa Songea kwa siku moja, akafuatia Nduna Songea Mbano siku chache baadaye. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angeingia katika mjadala wa leo kuhusu wahalifu wa makosa mazito, kwa sababu kosa lao lilikuwa kukataa kutawaliwa. Lakini ni kupitia vifo vyao ndipo watu wa bara na pwani walipojifunza adhabu ya kifo ya dola ina sura gani.

Nyuma ya maonyesho hayo palikuwa na sheria, ingawa ilikuwa fupi. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 iliwaweka Waafrika nje ya kanuni ya adhabu iliyotumika kwa Wajerumani, ikaorodhesha adhabu zao kuwa viboko, faini, kifungo cha kazi, kifungo cha minyororo na kifo, na ikataka hukumu ya kifo ithibitishwe na gavana kabla ya kutekelezwa. Wakati wa uasi sharti hilo liliweza kuwekwa kando, na kwa kuwa utawala wenyewe ndio uliotamka ni wakati gani uasi umetokea, kinga hiyo haikuwafaa waliokuwa wakiihitaji zaidi. Kumbukumbu ya watu imehifadhi zaidi viboko, ile hamsa ishirini ambayo wazee waliendelea kuitaja miongo mingi baada ya Wajerumani kuondoka, pengine kwa sababu viboko viliingia katika kila wilaya na karibu kila shamba, ilhali kitanzi kiliwekwa kwa ajili ya siku maalumu. Kwa historia ya sheria, hata hivyo, sharti la kuthibitishwa na gavana ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu lilikuwa tayari limetenganisha mdomo unaotamka kifo na mkono unaokiidhinisha.

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hawakuja na sheria yao ya jinai. Walitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo tayari ilikuwa ikitumika Kenya tangu mwisho wa karne ya 19. Jambo hili husahaulika, nalo lina uzito mkubwa, kwa sababu kanuni hiyo ya India ilimpa jaji nafasi ya kuchagua kati ya kifo na adhabu ya maisha kwa mtu aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Walowezi wa Kizungu nchini Kenya waliichukia wakidai sheria ya kwao, na Wizara ya Makoloni mjini London nayo ilitaka makoloni ya Afrika yafanane kisheria. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikapata kanuni mpya za adhabu zilizoandikwa kwa kufuata mfano wa Kiingereza, na pamoja nazo ikaingia adhabu ya kifo ya lazima, maana yake adhabu ambayo sheria imeipanga mapema na jaji hana ruhusa ya kuipunguza hata kwa siku moja. Wanaodai leo kwamba ulazima huo ni sehemu ya mila za Kiafrika, au kwamba umekuwepo tangu serikali ilipoanza, wanaupa umri mkubwa kuliko ulionao.

Uzito wa ulazima huo unaonekana pale mtu anapotazama kosa lenyewe limefafanuliwaje. Ili mauaji yawe ya kukusudia ni lazima iwepo nia ovu, lakini katika kanuni za 1930 nia ovu haimaanishi kusudio la kuua pekee. Yatosha kwamba mshtakiwa alikusudia kumdhuru mwenzake vibaya, na mwenzake akafa. Kwa hiyo mtu aliyelipwa kuua na akangoja njiani kwa panga, na mtu aliyempiga ndugu yake kwa mpini wa jembe katika ugomvi wa mpaka wa shamba, wanaweza kuangukia kifungu kilekile na adhabu ileile, isipokuwa wa pili akifaulu kuithibitishia mahakama kwamba alichokozwa kwa namna inayotambuliwa na sheria, ndipo kosa lake lishuke na kuwa kuua bila kukusudia. Tofauti kati yao, ambayo mwanakijiji yeyote angeiona, sheria haikutaka jaji aitamke katika adhabu. Iliachwa kwa gavana.

Hakuna shauri lililoonyesha mpangilio huo kwa uwazi zaidi kuliko lile la Wakamba wa Machakos lililohukumiwa mwaka 1932. Mwanamke aliyetuhumiwa kumroga mke wa jirani aliletwa ili auondoe uchawi huo, na ilipoonekana kwamba mgonjwa hakupona, umati wa wanaume ulimpiga kwa fimbo hadi akafa. Walioshtakiwa walikuwa 70. Hawakuficha walichofanya, kwa kuwa machoni pao ilikuwa ni king'ole, utekelezaji wa haki ambao wazee wao waliutambua na ambao, kwa maoni yao, serikali iliwaachia pengo kwa kushindwa kuwaadhibu wachawi. Mahakama haikuweza kukubali kwamba imani ya uchawi ni utetezi, wala kwamba mwanamke huyo alikuwa amewachokoza kwa maana ya kisheria, na jaji, akiwa na kifungu kisichomwachia njia nyingine, alitamka hukumu ya kifo kwa wanaume 60 kwa mpigo. Habari hiyo ilifika London na kuzusha maswali. Rufani yao ilishindwa, kisha gavana akazibadilisha hukumu hizo kuwa vifungo, na hakuna aliyenyongwa.

Wakili wa mfumo huo angesema kwamba mambo yaliishia vizuri, na kwamba huruma ilipatikana mahali pake. Jibu lake ni kwamba mahakama ilitamka hukumu ambayo serikali yenyewe haikuwa na nia ya kuitekeleza, na sababu za kutoitekeleza, ambazo zilikuwa ndizo haki halisi ya shauri lile, yaani kwamba watu walitenda kwa hofu ya kweli na kwa desturi yao, hazikujadiliwa mbele ya umma na hazikuandikwa katika hukumu yoyote ambayo jaji mwingine angeweza kuifuata. Tume iliyoongozwa na Grattan Bushe mwaka 1933, iliyochunguza uendeshaji wa haki za jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ilisikiliza mvutano mkali kati ya majaji, waliotaka taratibu za Kiingereza zifuatwe kikamilifu, na maofisa wa wilaya, waliosema kwamba taratibu hizo hazieleweki kwa watu wanaohukumiwa. Kanuni zenyewe hazikubadilika katika suala la adhabu ya kuua.

Kama hiari ya gavana ilikuwa mlango wa huruma, mlango huo ulibanwa sana nchini Kenya kuanzia tarehe 20 Oktoba 1952, siku hali ya hatari ilipotangazwa. Orodha ya makosa ya kifo ilirefushwa kwa kanuni za dharura hadi ikajumuisha kulisha kiapo, kumiliki bunduki au risasi, na kushirikiana na wapiganaji wa Mau Mau, na mahakama maalumu ziliundwa ili kesi ziende haraka. Mwanahistoria David Anderson, aliyepitia majalada ya kesi hizo na kuchapisha utafiti wake mwaka 2005, alihesabu watu 1,090 walionyongwa katika kipindi hicho, idadi inayozidi mara mbili ya walionyongwa na Wafaransa katika vita vya Algeria. Na wengi wa watu hao hawakuwa wamepatikana na hatia ya kuua mtu. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji hao, alihukumiwa Nyeri kwa kukutwa na bastola na risasi, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku 31 baadaye, tarehe 21 Machi 1957, ilipata idhini ya malkia sheria mpya ya mauaji nchini Uingereza, iliyoondoa adhabu ya kifo kwa aina nyingi za mauaji. Dola moja, chini ya malkia mmoja, ilikuwa ikipunguza kamba kwao na kuirefusha ugenini, na wabunge waliokuwa wakibishana kwa uchungu kuhusu iwapo muuaji wa Kiingereza anaweza kunyongwa kimakosa hawakuona kwa ujumla kwamba hoja hiyo inagusa mahakama za Nyeri na Thika.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Uingereza ilinyonga kwa mara ya mwisho mwezi Agosti 1964, ikasimamisha adhabu hiyo kwa wauaji mwaka 1965 na kuifuta kwa makosa hayo mwaka 1969. Nchi hizo mbili zikabaki na kanuni za 1930 karibu neno kwa neno. Ni rahisi kuwalaumu viongozi wa kwanza kwa hilo, lakini serikali mpya zilikuwa na majeshi yaliyoasi mwezi Januari 1964, mipaka isiyotulia na watumishi wachache, na sheria iliyompa mkuu wa nchi kauli ya mwisho juu ya uhai na kifo haikuwa sheria ambayo mtawala yeyote angeharakisha kuiacha. Jina lilibadilika: mahali pa gavana pakakaa rais. Katika Tanzania uwezo wake wa kutoa msamaha umewekwa katika ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977.

Kesi iliyotikisa Tanzania katika miaka hiyo ilitoka Isimani, mkoani Iringa, ambako siku ya Krismasi ya mwaka 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma kwa nguvu kilimo cha ujamaa katika eneo la wakulima wenye mashamba makubwa ya mahindi. Mwamwindi alijipeleka mwenyewe polisi akiwa na mwili wa marehemu. Alihukumiwa kifo mwaka 1972 na baadaye akanyongwa, na hadi leo wapo wanaomkumbuka kama muuaji wa mtumishi wa umma na wapo wanaomwona kama mtu aliyesukumwa hadi ukutani. Mabishano hayo yote ni ya aina ambayo mahakama zenye hiari huyazingatia wakati wa kupanga adhabu. Sheria ya Tanzania haikuwa na mahali pa kuyaweka.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wizi wa kutumia silaha ulipotisha miji, Bunge liliufanya wizi wa mabavu kuwa kosa la kifo cha lazima, na kifungu kiliandikwa kwa upana wa kushangaza: ilitosha mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake mmoja, au ampige anayemwibia. Watu wawili waliomsukuma mpita njia na kumnyang'anya pesa walikuwa, kwa maandishi ya sheria, wamestahili kitanzi. Shauri la mauaji lilisikilizwa na Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na uwezo alipewa wakili kwa gharama ya serikali, ilhali wizi wa mabavu ulisikilizwa na mahakimu, ambako maskini alijitetea mwenyewe, pengine kwa lugha asiyoimudu, dhidi ya mwendesha mashtaka wa polisi, huku adhabu inayomngoja ikiwa ni ileile ya muuaji. Ng'ambo ya mpaka, Namanga au Sirari upande wa Tanzania, mtu aliyefanya unyang'anyi wa kutumia silaha alikabiliwa na kifungo cha miaka 30, na hakuna dalili kwamba Watanzania waliishi kwa hofu zaidi kwa sababu hiyo. Kifungu hicho ndicho kilichoyajaza magereza ya Kenya maelfu ya watu waliohukumiwa kifo, na ndicho kilichoifanya adhabu yenyewe isitekelezeke, kwa kuwa hakuna serikali iliyokuwa tayari kuwanyonga watu wengi kiasi hicho wakati wa amani.

Walionyongwa mwisho nchini Kenya hawakuwa wezi. Mwezi Julai 1987 walinyongwa Kamiti Hezekiah Ochuka, askari wa jeshi la anga aliyejitangaza kiongozi wa nchi kwa saa chache wakati wa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, na mwenzake Pancras Oteyo Okumu, ambao walikuwa wamekimbilia Tanzania na kurejeshwa. Tanzania nayo haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Si bunge wala mahakama iliyoamua hivyo. Kalamu tu haikushushwa.

Mahakama zilipojaribu kuingia katika suala hili, Tanzania ilitangulia. Sheria ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na miaka 10 baadaye, katika shauri linalojulikana kwa jina la Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiketi Dodoma, aliwatia hatiani washtakiwa wawili kwa kuua, kisha akakataa kuwahukumu kifo. Alisema kwamba kunyongwa ni adhabu ya kikatili, isiyo ya kibinadamu na yenye kudhalilisha, iliyokatazwa na ibara ya 13 ya Katiba, akachambua namna kunyongwa kunavyotekelezwa, miaka ya kungoja katika vyumba vya waliohukumiwa, uwezekano wa kumnyonga asiye na hatia na unyonge wa maskini wasio na mawakili wazuri. Aliwapa kifungo cha maisha.

Hukumu ya Mahakama ya Rufani, iliyotolewa mwezi Januari 1995 na majaji Makame, Ramadhani na Lubuva, ni mojawapo ya hukumu za ajabu zaidi katika sheria ya Afrika. Majaji walikubaliana na Mwalusanya kwamba kunyongwa ni ukatili na kunadhalilisha, kisha wakasema kwamba adhabu hiyo inaokolewa na ibara ya 30, inayoruhusu haki za mtu kubanwa kwa maslahi ya umma endapo sheria husika si ya kidhalimu na haivuki mipaka inayohitajika. Iwapo jamii ya Watanzania inaihitaji adhabu ya kifo kwa ajili ya usalama wake, walisema, hilo ni la jamii yenyewe kuamua, na wakarudisha hukumu ya kifo. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta adhabu hiyo katika shauri la Makwanyane, ikizingatia hukumu hiyo ya Tanzania lakini ikifikia mwisho tofauti, kwa maelezo kwamba maoni ya wengi hayawezi kuwa kipimo cha haki za wale ambao wengi hawawapendi. Hoja ya majaji wa Dar es Salaam ingekuwa na nguvu zaidi kama jamii waliyoiachia uamuzi ingekuwa imewahi kuulizwa. Kanuni ya 1930 haikupigiwa kura na Mtanganyika yeyote.

Hata hivyo haiwezekani kudai kwamba kutetea adhabu ya kifo ni urithi mtupu wa kikoloni, kwa kuwa utetezi huo una mizizi hai katika uzoefu wa watu. Wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka mwezi Januari 2009 kwamba wanaokamatwa wakiua nao wauawe papo hapo, kisha akajieleza bungeni huku akilia. Na mwezi Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ikiketi Kahama ilipowahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya aina hiyo, wengi waliona kwamba dola hatimaye imezungumza. Magazeti yana msemo wao wa siku nyingi, wananchi wenye hasira kali, wa kuwataja watu wanaomchoma moto mwizi sokoni kabla polisi hawajafika, na wanaounga mkono kitanzi husema kwamba mahakama zikionekana dhaifu hasira hiyo itazidi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inahusu zaidi uhakika na kasi ya haki kuliko ukali wake, kwani umati wa sokoni umekuwepo miaka yote ambayo adhabu ya kifo ilikuwa katika vitabu. Mjini Arusha kwenyewe mgongano huu ulionekana kwa miaka 20: mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu wapangaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda haikuwa na adhabu kubwa kuliko kifungo cha maisha, na mwendo mfupi kutoka hapo Mahakama Kuu ya Tanzania ililazimika kumhukumu kifo mtu aliyeua mmoja. Rwanda, iliyowapiga risasi hadharani watu 22 mwezi Aprili 1998, iliifuta adhabu hiyo mwaka 2007, kwa sehemu ili ipelekewe kesi kutoka Arusha.

Marais wameendelea kutumia kalamu kwa njia zao. Mwai Kibaki alizibadilisha hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha mwezi Agosti 2009, Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa 2,747 mwaka 2016, na Jakaya Kikwete aliwaondolea kitanzi mamia mwaka 2006. John Magufuli, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma mwezi Septemba 2017, alisema waziwazi kwamba hatatia saini hati ya kunyonga, na akaomba asipelekewe majina. Kauli hiyo ilishangiliwa na wapinzani wa adhabu ya kifo, ingawa ndani yake mlikuwa na jambo la kutia wasiwasi, kwa kuwa rais alikuwa akitangaza kwamba sheria ya nchi haitatekelezwa kwa sababu ya dhamiri yake, na rais mwingine mwenye dhamiri nyingine anaweza kuitekeleza kesho bila kubadilisha hata nukta.

Mwezi Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Muruatetu, iliamua kwamba ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la kuua ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa unamzuia mshtakiwa kusikilizwa kuhusu adhabu yake. Hiari iliyoondolewa mwaka 1930 ikarudi kwa jaji baada ya miaka 87. Mwaka 2021 mahakama hiyo ilieleza kwamba uamuzi wake unahusu kuua peke yake, hivyo mwizi wa mabavu akabaki chini ya sheria kali kuliko muuaji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliitaka Tanzania tarehe 28 Novemba 2019 iondoe ulazima huo katika kanuni yake ndani ya mwaka mmoja. Siku chache kabla, serikali ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu raia wake kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Uganda ndiyo iliyoligusa suala la kalamu lenyewe. Katika shauri la Kigula, lililofunguliwa na wafungwa zaidi ya 400 na kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Januari 2009, majaji walirudisha hiari ya jaji, kisha wakaongeza kwamba mtu ambaye hajanyongwa wala kusamehewa ndani ya miaka mitatu tangu mahakama ya mwisho ithibitishe adhabu yake atahesabiwa kuwa amehukumiwa kifungo cha maisha. Kwa uamuzi huo ukimya wa rais uliwekewa muda, na baada yake ukapata maana moja ya kisheria ambayo mfungwa anaweza kuitegemea. Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania haina muda wa aina hiyo, na mwanasheria wa Dar es Salaam anayetafuta msingi wa kumwambia mteja wake aliyehukumiwa kifo ni lini atajua iwapo ataishi, hataupata humo.